Kwetu deki hupigwa, haijengwi

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 33, nafanya kazi benki, naishi Goba. Mjomba wangu yuko Houston, na kila wiki ananitumia video za watu wanaojenga deki na sehemu za kupumzikia nje ya nyumba. Anasema soko hilo limekua sana kule na anataka tushirikiane: yeye anunue kontena la zile mbao za plastiki, mimi nipange fremu barabara ya Bagamoyo. Akiba yangu ni milioni 25. Hata mtaani kwetu naona kila nyumba inaweka pevingi, zile bloku za kulaza uani, na kibanda. Je, soko hili lipo kweli Dar, au ni fasheni ya mtandaoni? Na hela yangu niiweke wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye hela ndani yake. Kontena usiagize. Soko lipo, na unayoyaona kwa majirani zako Goba ni kweli, ila si soko analokusimulia mjomba wako. Yeye anaona mbao. Mtu wa Dar anayefungua pochi kwa ajili ya ua wake anataka vitu viwili: kivuli cha kukalia, na maji ya mvua yasimfuate sebuleni. Miaka 22 nimekuwa mkadiriaji majenzi, na karibu kila ugomvi wa ua nilioitwa kuusuluhisha ulihusu kimojawapo kati ya hivyo. Kwa ajili ya rangi ya mbao sijawahi kuitwa.

Neno lenyewe linachekesha. Kwetu deki hupigwa, haijengwi: ndoo, tambara, sebule inang'aa. Kwa mjomba deki ni jukwaa la mbao lililoshikizwa nyuma ya nyumba, ukifungua mlango wa jikoni unatokea juu yake. Lina sababu zake. Nyumba nyingi za Marekani ni za mbao kuanzia kwenye kuta, na katika majimbo ya baridi sakafu huinuliwa juu ya msingi mrefu au juu ya chumba cha chini ya ardhi, hivyo mlango wa nyuma hubaki unaning'inia. Badala ya kujaza kifusi, wanaunda jukwaa. Deki ina ndugu yake wamwitaye patio, sakafu iliyolazwa juu ya ardhi yenyewe, ya zege, ya mawe au ya pevingi. Hapo ndipo mjomba ananishangaza, kwa sababu Houston ni mji wa tambarare, joto na mvua, na nyumba zake nyingi zimekaa juu ya jamvi la zege kama zetu. Mwambie achungulie ua wa jirani yake. Nadhani atakuta sakafu ya zege yenye paa la kivuli kabla hajakuta deki.

Kuhusu ukuaji hakudanganyi. Wamarekani hutumia zaidi ya dola bilioni 400 kwa mwaka kutengeneza na kuboresha nyumba zao, na sehemu za nje zilipata msukumo 2020 watu walipokaa majumbani kwa ajili ya Uviko-19. Hela ya safari na migahawa ikaenda uani. Mei 2021 bei ya mbao kwenye soko la Chicago ilivuka dola 1,600 kwa kipimo chao cha futi 1,000, wakati kabla ya janga ilikuwa chini ya 500. Halafu ikaja riba. Aliyekopa nyumba 2020 au 2021 kwa asilimia 3 kwa miaka 30 hakuwa na hamu ya kuhama 2023, mikopo mipya ilipopita asilimia 7. Akabaki alipo, akaboresha alipo. Nyumba zenyewe nazo zimezeeka: nusu ya zile zinazokaliwa na wenyewe zina miaka 40 hivi au zaidi.

Sasa angalia kinacholiendesha soko hilo. Ni mkopo. Nyumba ikipanda thamani, mwenyewe anaiweka dhamana, anajenga deki nzima kwa wiki mbili, kisha analipa taratibu. Sisi tulipata sheria ya mikopo ya nyumba 2008, na TMRC, kampuni inayozikopesha benki kwa ajili hiyo, ikaanzishwa 2010. Lakini wewe wa benki unajua kuliko mimi kwamba riba imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, na sijaona mtu aliyeweka hati yake rehani ili alaze pevingi. Ua wa Dar hujengwa kwa bonasi, kwa upatu, kwa kiinua mgongo, kwa kilichobaki baada ya ada za Januari. Hujengwa vipande vipande. Kontena linamtaka mteja anayelipa kwa mkupuo.

Zile mbao za mjomba zenyewe si mbaya. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki. Trex, kampuni mashuhuri ya bidhaa hiyo kule, ilianza 1996. Haziozi upesi wala hazidai rangi kila mwaka. Ila jua la saa saba la Februari huzichemsha hadi mguu mtupu haukanyagi. Hurefuka kwa joto, na fundi asipoacha nafasi kwenye maungio zinabinuka. Na haziwezi kusimama zenyewe, lazima zibebwe na kiunzi. Mchwa hali plastiki, lakini kiunzi cha paini atakimaliza kimya kimya wewe ukinywa chai juu yake. Ukiweka cha chuma, chumvi ya bahari nayo ina meno. Tena lile pengo chini ya jukwaa kwetu halikai tupu. Atahamia panya, na anayemfuata panya unamjua.

Kibiashara ni pagumu zaidi. Kontena litakuja na rangi tatu, mteja wako wa kwanza atataka ya nne. Juu ya ushuru wa forodha kuna VAT ya asilimia 18, na mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi kabla hujauza hata ubao mmoja. Wanunuzi wapo: hoteli za ufukweni, wenye mabwawa ya kuogelea, maghorofa ya Masaki na Oysterbay yenye sehemu ya kukaa juu ya paa. Hao huagiza kupitia mbunifu wao. Hawapiti barabara ya Bagamoyo wakichungulia vioo.

Njoo sasa uani kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, ile ya vyumba sita na korido katikati, tangu zamani ilikuwa na sehemu mbili za nje. Mbele baraza, mahali pa salamu, kahawa na bao, macho yakiwa mtaani. Nyuma ua, pa kupikia, kufulia, kuanika, na kupanga mipango isiyotakiwa kufika barazani. Ulipokuja ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kule Mbweni, Bunju, Kijichi, Tuangoma na kwingineko, watu wakajenga namna nyingine: nyumba katikati ya kiwanja, ukuta pande zote, geti la chuma. Baraza ya mbele ikakosa mtaa wa kuutazama, ikahamia ndani ya geti. Kile kibanda cha makuti kwa jirani yako ni baraza iliyohamishwa, na kinafanya kazi ileile, ila sasa anayepita hawezi kukaribia bila kupiga hodi.

Mbona imechukua miaka ishirini? Kwa sababu nyumba ya Dar hujengwa kwa foleni na kila kitu kina zamu yake. Kiwanja, msingi, boma, kupaua, kisha familia inahamia madirisha yakiwa na nailoni. Baadaye dari, vigae, fensi, geti, kisima au simtanki. Ua ni wa mwisho kabisa, baada ya hata kabati la vyombo. Waliojenga 2004 na 2006 zamu ya ua imewafikia sasa. Na nyuma yao kuna foleni ndefu zaidi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo milioni moja na ushee haikupata nafasi Kariakoo. Iende wapi kama si Goba, Madale, Kibamba, Chanika, na Kigamboni ambako daraja lilifunguliwa 2016? Wengi wao bado wako kwenye boma au kwenye fensi. Ukitaka kujua soko lako la miaka kumi ijayo, pita mtaani uhesabu nyumba zenye geti jipya na ua wa mchanga.

Halafu kuna shughuli. Vikao vya harusi, maulidi, arobaini, kipaimara, ubarikio. Ukumbi wa kukodi unauma, kwa hiyo ua ndio ukumbi. Mteja hatakuambia hivyo. Atakwambia anataka pazuri. Wewe muulize mara ya mwisho walipokuja watu wengi walikaa wapi, na viti vya plastiki vilizama kiasi gani mchangani. Na kibanda usimjengee katikati hata akililia. Siku ya shughuli turubai litasimama wapi?

Nije kwenye maji, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo riziki yako ilipo.

Chukua ua wa mita 6 kwa 10, mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, jambo ambalo masika hulifanya bila kumwomba mtu ruhusa, ua huo unapokea lita 3,000. Paa la nyumba lenye eneo la mita 120 likimwaga humo humo, ongeza lita 6,000. Jumla ni simtanki tisa za lita elfu moja. Zamani mchanga ulikuwa unakunywa sehemu kubwa. Ukishashindilia kifusi na kulaza pevingi juu yake, ardhi inakunywa kidogo tu, na yaliyobaki yanatafuta mlango. Fundi anayejua kazi huyaonyesha njia: mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyumba kwenda nje. Kwa upana wa mita 6 hizo ni sentimita 12. Ongeza kwamba sakafu ya nje, pale inapogusa nyumba, inatakiwa iwe chini ya jamvi kwa sentimita 15 hivi. Ongeza unene wa kazi yenyewe: kifusi kilichoshindiliwa sentimita 10 hadi 15, mchanga wa kulalia 3, bloku 6. Ukijumlisha utakuta karibu na fensi unachimba nusu mita kutoka usawa wa jamvi. Hiyo ni kazi ya jembe, sururu na toroli, na hakuna anayependa kuilipia, kwa sababu ikishafukiwa haionekani. Kwa hiyo fundi wa haraka anapima kwa macho, anamwaga mchanga, analaza, mteja anapiga picha, kila mtu anafurahi hadi Machi.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge huo, na cheti changu ukutani. Kwangu Tabata nilitaka ua ulingane na kizingiti cha mlango wa nyuma, wageni wasijikwae. Fundi, kijana mdogo kuliko wewe, akaniambia, "Mama, hapa tunaikaribisha mvua ndani." Nikamwambia alaze. Usiku mmoja wa Aprili niliamka kunywa maji, nikakanyaga zulia la sebuleni likanijibu. Tuling'oa upande wote wa nyumba, tukachimba, tukalaza upya, na ufundi wa mara ya pili ulinigharimu karibu sawa na wa mara ya kwanza. Katika kung'oa tukaikuta na chemba niliyokuwa nimeifukia kwa mikono yangu; ningekuja kuitafuta siku gari la kunyonya linanguruma getini. Ukuta ule una kona moja ambayo rangi inavimba hadi leo. Yule kijana ndiye fundi wangu mkuu sasa.

Nakueleza haya kwa sababu za kibiashara. Kila masika inazalisha wateja wa aina yangu, watu waliokwisha kulipa mara moja na wakajutia. Mteja wa mara ya kwanza anakuuliza mita ya mraba ni shilingi ngapi, kisha anakuonyesha bei ya mwenzako kwenye simu. Aliyelala na ndoo sebuleni anauliza swali moja tu: maji yatakwenda wapi? Ukimjibu kwa kamba na pimamaji, hapo hapo uani, mkiwa mmechuchumaa, bei haiwi ugomvi. Na kazi ya kung'oa na kulaza upya haitaki mtaji mkubwa wa vifaa, maana bloku zilezile zinarudi, zikiwa nzima. Unachouza ni akili na jasho.

Bloku nazo zina hesabu yake, na inaeleza kwa nini biashara hii ni ya mtaani na si ya bandarini. Bloku moja ya sentimita 20 kwa 10, unene 6, ina uzito wa kilo 2.7 hivi. Mita moja ya mraba inataka bloku 50. Ua wetu wa mita 60 unataka 3,000, ambazo ni tani 8, bado hujapakia mchanga wala kifusi. Kirikuu hakibebi hivyo, na Fuso inayopanda vilima vya Goba inakudai kila kilomita. Anayefyatua karibu na mteja ndiye anayeshinda, ndiyo maana unaziona kila kona ya barabara. Tatizo ni kwamba kona nyingine zinauza bloku ya siku ya tano. Zege hupimwa nguvu zake siku ya 28. Bloku changa inamwagika kingo kama biskuti kwenye chai. Gonganisha mbili usikie: iliyoiva inalia, mbichi inasema dup. Ivunje moja utazame ndani. Ukipata kazi kubwa peleka chache maabara wazipime. Na muulize mteja kama boza la maji huingia ndani ya geti. Likiingia, unene wa 6 hautoshi kwenye njia yake, mwekee 8.

Kivuli nitakipitia haraka kidogo, ingawa ndicho kinachouza kwa macho. Makuti ni baridi, ni mazuri, na baada ya miaka michache utaezeka upya; hapo una mteja anayerudi, mradi umemwambia tangu mwanzo. Yaweke mbali na jiko la mkaa na mbali na fensi ambayo jirani anachomea takataka. Mabati bila dari yanageuka tanuri. Nyasi bandia, zile kapeti za kijani zilizovamia mji, huchoma kama zile mbao za mjomba. Watoto huzikimbia saa sita. Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye upande. Jua la Dar linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo kila mtu anawaza paa. Lakini watu hukaa nje saa kumi na moja jioni, na saa hiyo jua liko chini, linaingia kwa ubavuni kutoka magharibi. Paa halina msaada. Weka kizuizi upande huo, cha mianzi, cha neti, au panda mwarobaini na uwe na subira. Nimeona vibanda vya hela nyingi ambavyo jioni wenyewe wamekaa nyuma yake.

Wapo watakaong'ang'ania mbao. Kiwanja kikiwa cha mteremko mkali, na Goba na Kimara vipo vingi, jukwaa linaweza kuwa na maana kweli kuliko kujaza kifusi cha malori kumi. Hapo tumia mtiki wa mashambani. Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro kuna mashamba ya serikali. Dai vibali vya mzigo, usije ukanunua kesi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mninga ni mzuri, ila kuuweka mvuani unaonea huruma fenicha ambayo ingetoka ndani yake. Paini ya Sao Hill itumie ikiwa imetiwa dawa. Ile yenye ukijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Wamarekani waliiondoa kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwa hiyo vipande vinavyobaki usimwachie mama mwenye nyumba akapikie. Nguzo zisiguse udongo, zisimamishe juu ya zege.

Basi milioni zako 25. Fremu usipange. Nunua mashine ya kushindilia ya petroli, ile ya sahani, kwa sababu mafundi wengi hawana na ndiyo inayotofautisha ua unaodumu na ule unaobonyea njia ya gari. Nunua ya kukatia bloku, na pimamaji ya leza, japo mpira wa maji wa fundi wangu haujawahi kunidanganya. Tafuta mafundi wawili wa kudumu na saidia fundi unaowalipa kwa wakati. Hao ndio duka lako. Karibu nusu ya hela iache benki isiguswe, maana mteja wa vipande vipande hukwama, na wewe mishahara haikwami naye. Kazi ya kwanza fanya kwako mwenyewe, huo ndio uwe ukumbi wako wa maonyesho. Kisha subiri mvua. Kila mtu mtandaoni anapiga picha ya pevingi jua likiwaka. Wewe piga video mvua ikimwagika, maji yanaondoka mlangoni yanakwenda yanakotakiwa. Tangazo linalozidi hilo sijaliona.

Uza kwa hatua, kwa sababu hela yao inakuja kwa hatua. Anza na maji: mifereji ya paa, mtaro, shimo la mawe la kunyonya maji ya mvua mbali na msingi na mbali na karo. Hatua ya pili, sakafu ya mita tatu za kwanza kutoka kwenye nyumba. Ya tatu, kivuli. Mengine yatafuata bonasi ikija. Sharti langu moja: kila hatua iishe kabisa, itumike, ipendeze, hata kama mteja atapotea miaka miwili. Ua ulioachwa nusu na kifusi katikati ni bango linalokutangaza vibaya kwa kila mgeni anayeingia. Vifaa nunueni pamoja dukani, risiti abaki nazo yeye; ufundi wako ulipwe kwa mafungu matatu, yameandikwa, mmetia sahihi. Na anayekwambia "wewe anza tu, hela ipo", muogope kuliko anayekwambia hana.

Kalenda yako itakuwa Juni hadi Septemba kwa kazi nyingi za udongo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mtihani wako. Rudi kwa kila mteja baada ya mvua kubwa ya kwanza, bila malipo, ukague palipotuama. Utaona aibu mara mbili tatu. Mara ya nne hutaona, na huyo mteja atakupeleka kwa shemeji yake.

Kuhusu vibali, kulaza bloku ndani ya fensi hakujawahi kuniletea shida, ila ukiongeza paa la kudumu au ukuta, pitia kwanza ofisi ya Manispaa ya Ubungo ndipo uchimbe. Na maji ya mteja wako usiyaelekeze kwa jirani. Goba ni vilima, wa chini yenu atapokea simtanki zenu tisa na za kwake.

Mjomba usimkatishe tamaa, ana moyo mzuri na ana dola. Akitaka ubia, mwambie atume hiyo mashine ya kushindilia na leza badala ya mbao. Mashine za mitumba zilizotunzwa vizuri kule zinapatikana. Ila asisitize injini ya petroli. Umeme wao ni volti 120 na hezi 60, wetu 230 na 50, na grainda atakayoinunua kwa upendo wote itatoa moshi siku ya kwanza utakapoichomeka Goba.